Rodaji ya Gari la Kanisa

Jumanne, tarehe 15 mwezi wa saba

Imewaka! Saa tano na dakika ishirini asubuhi. Mara ya tatu ya kuzungusha ufunguo, moteri ya gari la kanisa imewaka. Miezi minne ilikuwa vipande vipande juu ya turubai la fundi Lucie kule sokoni: pistoni huku, vali kule, vidude vingine ndani ya kopo la maziwa. Leo ni kitu kimoja tena. Wamama wa kwaya wakapiga vigelegele. Mchungaji Ezechiel akafuta machozi. Mimi pia nilifuta, lakini yangu yalikuwa ya moshi.

Kisha Lucie akaharibu sherehe kwa kanuni. Mama huyu Mrundi hatumii maneno hamsini kwa siku, na leo yote aliyamaliza kwetu. Alisema moteri iliyofunguliwa na kujengwa upya ni kama mtoto: vyuma vyake bado havijuani. Lazima ifanyiwe rodaji, maana yake itembezwe kwa adabu mpaka vyuma vizoeane. Kilomita mia tano. Isipite spidi ya themanini. Isikae kwenye spidi moja muda mrefu, ipande, ishuke, ipande. Isibebe mzigo mzito. Isiachwe inanguruma bure imesimama. Baadaye irudi kwake abadilishe mafuta ya moteri na kuipanga vizuri.

Haraka ya nini? Mama Kabibi, mama mkwe wangu. Alhamisi ya wiki ijayo, tarehe 24, saa mbili asubuhi, anatakiwa hospitalini Lilongwe kutolewa mtoto wa jicho. Macho yote mawili yana ukungu, na ameingoja tarehe hiyo miaka miwili. Ikimpita, anarudi mwisho wa orodha.

Mchungaji akauliza nani atafanya rodaji. Fabien akanyoosha mkono mara moja. Huyu Fabien ana gari lake la kubebea maharusi na anavaa miwani ya jua hata ndani ya kanisa. Mimi nikanyoosha mikono miwili. Nikasema mimi ni shemasi, mgonjwa ni mkwe wangu, na Bukavu nilikuwa karani wa mahakama, kwa hiyo kanuni ni chakula changu. Nikapewa ufunguo! Fabien akanipongeza kwa uso wa mtu aliyemeza nzi.

Nyumbani Ernestine, mke wangu, hakusimamisha cherehani yake. Alisema tu kwamba Fabien angefaa zaidi. Mama Kabibi alikuwa kwenye mkeka. Alifika kambini miaka mitatu iliyopita kutoka Fizi, macho tayari yamefunga. Mimi na Ernestine tulikuwa tumeoana hapa hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi. Basi hajawahi kuniona. Ananijua kwa sauti tu, na nadhani ndiyo maana tunaelewana.

Kilomita mia tano, siku tisa. Mchezo!

Jumatano, tarehe 16

Bila barua ya ruhusa siwezi kutoka kambini kwenda mbali. Si kitu. Mitaa yetu ina majina ya miji ya Malawi, kwa hiyo kabla ya saa nne nilikuwa nimeshapita Zomba, Blantyre, Karonga na Likuni. Kontere, kile kipimo cha kilomita, inasema kilomita saba.

Nikarudia. Na kurudia. Mzunguko wa sita nikaona kwenye kioo watu wananifuata. Wa saba, wakawa wengi, na mifuko mikononi. Gari la kanisa likizunguka polepole hivyo, watu wanajua kuna kitu kinagawiwa. Nikasimama, nikatoa kichwa, nikatangaza kwa sauti ya mahakama kwamba hakuna ugawaji, ninafanya rodaji.

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akasogea dirishani. “Papa, hiyo rodaji, banagawa kwa kichwa ao kwa familia?”

Nikamwambia haigawiwi. Akasema kila mara huwa wanaanza na kusema hivyo, akaenda kushika nafasi kwenye mstari. Mstari! Ulikuwepo tayari, mbele ya kanisa, na mzee mmoja alikuwa anaupanga.

Mchungaji alikuja kuomba radhi kwa watu. Mimi nilikuwa nimeshafika Karonga.

Jumla ya leo kilomita thelathini na moja. Nimepiga hesabu: kwa mwendo huu nitamaliza mwezi wa nane, na mama mkwe atakuwa nyuma ya orodha. Lazima nitumie akili.

Alhamisi, tarehe 17

Akili imepatikana! Nilijiuliza: moteri inajuaje kama gari linatembea? Yenyewe imefungiwa chini ya boneti, haioni njia. Kwake yeye kuzunguka ni kuzunguka. Basi saa mbili niliiwasha mbele ya nyumba, nikaiacha kwenye ralanti, inanguruma gari limesimama, nikaketi kivulini na chai. Masaa manne ya kunguruma, nikayahesabu kama kilomita mia mbili. Hakuna vumbi, hakuna foleni ya mama mwenye mtoto. Nilishangaa kwamba mafundi wa dunia nzima hawajaligundua jambo hili.

Saa nne Ernestine alitoka na gauni la bi harusi mkononi. Lilikuwa jeupe asubuhi. Sasa lilinuka kama garaji. Alisema maneno ambayo shemasi haandiki.

Saa sita kasoro, Lucie. Alikuja kwa miguu kutoka sokoni, ovaroli yake na yote. Hakunisalimu. Aliingiza mkono dirishani, akazima moteri, akatia ufunguo mfukoni. Kimya kikawa kikubwa mno. Hata kuku walisimama.

Nikamweleza hesabu yangu. Akasikiliza mpaka mwisho, jambo lililonipa matumaini ya bure. Kisha akasema kwamba segmenti, zile pete za pistoni, zinashikana na silinda kwa nguvu ya kazi. Moteri ikinguruma bila kazi, silinda inasuguliwa mpaka inakuwa laini kama kioo, pete hazishiki tena, na gari linaanza kunywa mafuta.

“Moteri iko inajifunza kazi, shemasi,” alisema. “We unaifundisha kulala.”

Aliniambia nisali kwamba haijaharibika. Akaondoka na ufunguo. Nilimfuata mpaka mtaa wa Katubiza nikiahidi. Kwenye kona ya kliniki akanirudishia, naona kwa sababu watu walikuwa wameanza kutucheka wote wawili.

Esansi, yaani petroli, imekwisha. Kilomita bado thelathini na moja.

Ijumaa, tarehe 18

Foleni ya esansi. Nilisukuma gari kwa mkono ili nisiwashe ralanti (naheshimu kanuni!). Magari arobaini mbele yangu. La thelathini na saba ni la Fabien.

Alikuja kuegemea mlango wangu. Hakuna anayeweza kuegemea mlango wa mtu mwingine kama Fabien. Alisikia habari ya jana, kambi nzima ilisikia. Aliniambia kwa huruma kwamba moteri mpya haina nguvu kwa sababu deliko, kile kikombe kinachogawa moto kwa bujia (plagi), kimefungwa kwa woga. Yeye angekizungusha kidogo kushoto. Nywele moja tu. Gari lingepanda mlima wa Dowa likiimba.

Nikamjibu kwamba sihitaji ushauri wake. Nikaandika kwenye kiganja: deliko, kushoto, nywele moja.

Saa kumi alasiri nikapata esansi. Habari nyingine njema: Mchungaji amepata barua ya ruhusa ya siku moja. Kesho nakwenda Biwi, kule Lilongwe, kuchukua vitambaa vya sare za kwaya. Biwi! Lami tupu kwenda na kurudi!

Jumamosi, tarehe 19

Siku kubwa. Niandike kwa utaratibu.

Niliondoka alfajiri. Baridi ya kung'ata masikio. Kwenye barabara kuu nilifuata kanuni ya Lucie neno kwa neno: nikapanda hadi sabini, nikashuka hadi kumi na tano, nikapanda, nikashuka. Baiskeli ya abiria, kabaza, iliyobeba mama na godoro ilinipita nikiwa chini. Nikaipita nikiwa juu. Ikanipita tena. Mara ya nne tukawa tunasalimiana kama ndugu.

Baada ya Lumbadzi, kizuizi cha polisi. Afisa akanisimamisha. Barua nilikuwa nayo, imekunjwa ndani ya Biblia. Aliisoma pande zote mbili. Kisha akaniuliza, nusu Kichewa nusu Kiingereza, kwa nini ninaendesha kama mtu anayeona polisi, anasahau, anaona tena. Nimekunywa?

Kichewa changu ni zikomo, yaani asante, na maneno mengine matatu. Nilitumia zikomo mara sita, mengine nikaonyesha kwa mikono: pistoni, pete, silinda. Uso wake ukabadilika. Akafungua boneti mwenyewe. Kumbe kaka yake ana moteri iliyofunguliwa upya, na hajui aitunzeje! Nikamweleza. Nusu saa nilimweleza. Alinishika mkono kwa mikono miwili, akaniita injinia, akafungua kizuizi.

Lo! Nilivyopumua, kioo kikaingia ukungu.

Injinia hawezi kurudi nyumbani na kilomita mia. Biwi nilichukua vitambaa saa tatu tu, siku bado ndefu. Nikaendelea mpaka Mitundu, kwa ajili ya kontere peke yake. Lakini Mitundu ilikuwa siku ya soko. Viazi! Viazi vya kuangaza macho, na Ernestine ana siku tatu hanipi neno. Nikachukua gunia moja. Gunia moja si mzigo mzito. Muuzaji akasema mawili ni bei nyingine kabisa. Kufika magunia manne, gari lilikuwa limekaa chini kama bata.

Kurudi, mlima wa mwisho kabla ya kambi, gari lilipanda kwa gia ya pili, likilia. Fabien akanipita pale pale katikati, na bi harusi ndani, na akapiga honi. Honi ya harusi, ile ndefu.

Ernestine alipokea viazi. Alinipa neno moja: asante. Natosheka.

Kontere: mia mbili na thelathini na nane.

Jumapili, tarehe 20

Kanisani. Mchungaji aliuliza kama kuna maombi maalumu. Fabien akasimama, miwani usoni, akaomba waumini walikumbuke gari letu, kwani asubuhi aliona likitoa moshi, na moshi wake ulikuwa wa bluu.

Moshi wa bluu ni mafuta ya moteri yanaungua. Kila mtu pale anajua, na asiyejua alielezwa na jirani yake kabla ya amina. Lucie, benchi la nne, aligeuza kichwa na kunitazama wimbo mzima. Beti tano.

Baada ya ibada nikapitia mlango wa nyuma. Nyumbani nikapima mafuta kwa ufito wake. Yamepungua nusu kidole. Mama Kabibi alinisikia nikihema, akaniuliza kama gari ni zima. Nikasema zima kabisa. Akasema amesikia watu wakiliombea, na walio wazima hawaombewi hivyo.

Jumatatu, tarehe 21

Sitaki kuandika ya leo. Naandika.

Nilijisemea: tatizo si pete, tatizo ni nguvu. Gari likiwa na nguvu halitachoka, lisipochoka halitatoa moshi. Saa tatu nikalegeza deliko. Kushoto, nywele moja. Nilipomaliza ndipo nikakumbuka kwamba Fabien alipoonyesha alikuwa amesimama upande ule, nami niko upande huu. Kushoto kwa nani? Na alama ya mahali pa zamani sikuweka.

Iliwaka kwa taabu. Nikaelekea sokoni, ikawa inakohoa. Mbele ya wauza samaki nikakanyaga.

Pah! Moto ulitoka kwenye ekzosi kama risasi. Halafu tena, pah, pah.

Soko lote lililala chini.

Sijawahi kuona kitu kama hicho. Wauza samaki, mafundi nguo, wazee wa karata, wote chini, kwa sekunde moja, bila mtu kuamrisha. Mama mmoja alikuwa amelalia watoto wawili, na mmoja hakuwa wake. Watu wa Uvira, wa Fizi, wa Bukavu. Hiyo sauti sisi hatufundishwi. Nilizima, nikatoka garini, nikabaki nimesimama na ufunguo mkononi, mtu pekee aliye wima katika soko zima. Nikataka ardhi inimeze. Walipoinuka, hakuna aliyenitukana. Walikung'uta vumbi tu. Ingekuwa heri wangenitukana.

Gari halikuwaka tena. Nikakimbia nyumbani kwa miguu.

Mama Kabibi alikuwa nyuma ya mapipa ya maji, amechuchumaa, ameshika kale kafurushi kake ka nguo anakolala nako miaka yote. Ernestine alikuwa hajarudi kutoka kwa mteja. Mama mkwe aliposikia hatua zangu akauliza kwa sauti ya chini kabisa:

“Banafika wapi?”

“Hakuna mutu, mama. Ni miye. Ni gari.”

Nikamshika mkono, ulikuwa wa baridi.

“We mwenyewe? Bila jeshi?”

“Mi mwenyewe. Nilizungusha deliko.”

Akavuta pumzi ndefu, mabega yakashuka, akaachilia lile furushi.

“Mungu asifiwe,” alisema. “Ni mujinga tu.”

Sijawahi kutukanwa nikafurahi hivyo. Tulikaa pale pale nyuma ya mapipa, mimi na yeye, mpaka akaomba chai.

Jumanne, tarehe 22

Siku mbili zimebaki na gari limekufa sokoni. Mpango wangu ulikuwa kulirekebisha alfajiri kabla Lucie hajafika. Nilizungusha deliko kulia, kushoto, kulia. Halikutoa hata kikohozi. Saa mbili watu wakaanza kufungua vibanda.

Aliyekuja wa kwanza ni Fabien. Nikajiandaa kwa maneno. Alivua miwani, akaiweka mfukoni, akaanza kusukuma. Wauza samaki wakaja. Mama aliyelalia watoto akaja. Watu niliowalaza chini jana ndio walionisukuma leo hadi kwenye turubai la Lucie, nami nikishika usukani na kuona haya, kazi mbili kwa wakati mmoja.

Lucie akafungua boneti, akauliza nani amegusa deliko. Nikasema pengine ni mtikisiko wa njia. Akanionyesha kwa kidole mkwaruzo mpya wa spana. Nikakiri. Akainama kutafuta kitu chini ya kiti, akainuka na kiazi. Nikakiri na hilo.

Alifungua bujia zote nne, akachomeka kipimo cha kubana hewa, silinda moja baada ya nyingine. Mchungaji Ezechiel alikuwa amefika, amefumba macho. Mimi nilitazama uso wa Lucie, lakini uso ule hausomeki, ni kama mlango wa benki. Alipima mara ya pili. Kisha akakaa juu ya ndoo.

Akasema pete zimeshika. Silinda zote nne, sawasawa. Mchungaji akasema haleluya. Lucie akasema angojee kwanza, kwa sababu yeye mwenyewe haelewi. Kwa ile ralanti ya Alhamisi, moteri ilipaswa kuharibika. Moshi wa Jumapili ulikuwa mabaki ya mafuta yaliyopita siku ile. Kitu pekee anachoweza kufikiri ni ule mlima. Magunia manne, gia ya pili. Kazi ile ndiyo iliyozibana pete kwenye silinda.

“Hiyo usiiandike popote, shemasi,” alisema.

Nimeiandika.

Mafuta ya zamani yalimwagika kwenye karai, meusi. Akapitisha sumaku, ikatoka na ndevu za chuma, laini kama unga. Akasema ni kawaida, vyuma vilikuwa vinasalimiana. Akatia mafuta mapya. Nikamkumbusha kwa unyenyekevu kwamba hatujafika mia tano. Akajibu kwamba mia mbili na kidogo zilitosha. Alisema mia tano kwa sababu alikisia mapema nani angepewa ufunguo.

Ikaja kazi ya kulipanga. Alifunga taa ndogo kwenye deliko, akaanza kulizungusha kwa vidole viwili tu, akisikiliza. Niliinua kidole kumwonyesha mahali pazuri. Akanituma mandazi. Niliporudi na mandazi kumi hakuna aliyeyataka, na moteri ilikuwa imeshatulia. Sijui nieleze vipi. Sauti ilikuwa imekaa. Ungeweza kuweka kikombe cha chai juu ya boneti.

Nilikula mandazi yote. Nilikuwa nalia kidogo. Moshi haukuwepo.

Jumatano, tarehe 23

Lucie amepanda nami hadi Dowa na kurudi, kulipima. Ameniruhusu kushika usukani kwa sharti nisiseme. Nilisema mara mbili tu.

Jioni Fabien alikuja kumwambia Ernestine kwamba kesho atafuata nyuma yetu na gari lake, ikitokea shida amchukue mgonjwa. Nikakataa. Ernestine akakubali. Wakaendelea kuzungumza kana kwamba mimi ni kiti.

Alhamisi, tarehe 24

Tumefika! Saa mbili kasoro robo, mlango wa hospitali, mgonjwa salama, moteri haijachemka.

Tuliondoka saa kumi na moja na nusu. Mama Kabibi mbele, kwenye blanketi, Ernestine nyuma, barua za wote kwenye Biblia. Mlima tuliushuka kama maji. Mama mkwe alikuwa ameinamisha sikio. Nilidhani anaogopa, kumbe anasikiliza. Akasema inashona vizuri. Nikauliza nini. Akasema moteri: inashona kama cherehani ya Ernestine ikiwa imetiwa mafuta. Nimesifiwa na watu wengi maishani, wengine kwa maandishi, lakini ile ilinikaa kifuani.

Karibu na Lumbadzi nikatazama kioo. Taa za Fabien hazipo. Ernestine akasema turudi. Tukamkuta kando ya barabara, boneti juu, mvuke umemzunguka. Mpira wa maji umepasuka. Ee Bwana, ulinipa jaribu gani! Ningeweza kusema maneno mengi sana. Nilikumbuka alivyovua miwani juzi sokoni, nikafungua mlango wa nyuma bila kusema. Gari lake akaliacha kwa muuza nyanya, akaingia.

Nilisema baadaye kidogo tu. Mara tatu. Kufika Nsungwi Ernestine akanikanyaga.

Saa nne walimwingiza chumbani. Saa sita wakamtoa na bandeji. Daktari akasema imekwenda vizuri, kesho watafungua. Jicho la pili litafuata mwezi wa kumi. Ernestine alikaa chini pale pale koridoni, kwenye sakafu, na kitenge chake kizuri. Fabien akaenda kutafuta maji ya kunywa. Mimi nilibaki nimeshika viatu vya mama mkwe. Sikujua niviweke wapi.

Ijumaa, tarehe 25

Saa tatu nesi alifungua bandeji. Mama Kabibi akapepesa. Akatazama mkono wake, mbele na nyuma. Akatazama dirisha. Akamtazama Ernestine, akamshika mashavu, akasema amenenepa, wakalia wote wawili muda mrefu na nesi akalia nao.

Kisha akanigeukia. Alinitazama kutoka kichwa hadi viatu, akarudi juu taratibu, akarudi tena chini. Nikavuta tumbo.

“Njo huyu?”

“Njo yeye, mama,” Ernestine akasema.

Akafikiri. “Nilizania iko mrefu.”

Hakuna aliyethubutu kucheka, mpaka yeye mwenyewe akaanza, na akacheka hadi nesi akamwonya kuhusu jicho. Akanivuta sikio, akalishika, kama mtu anayepima kitambaa. Akasema sauti inatosha kumjulisha kwamba ni mimi. Halafu akamwona Fabien mlangoni akauliza yule kijana mzuri ni nani.

Si kitu. Anaona! Njiani kurudi alisoma vibao vyote kwa sauti: vya maduka, vya makanisa, vya soda. Alisoma hata namba za magari. Kwenye mlima wa Dowa aliacha kusoma, akatazama kambi chini, mabati na moshi wa jioni, akasema hakujua kwamba tuko wengi hivi.

Nililala saa mbili. Sijalala hivyo tangu moteri ilipowaka.

Jumapili, tarehe 27

Ibada ya shukrani. Mama Kabibi alitembea mwenyewe hadi mbele. Mchungaji akatangaza, kwa upole mkubwa, kwamba kuanzia leo gari ataliendesha Fabien chini ya usimamizi wa fundi Lucie, na kwamba shemasi amefanya vya kutosha. Watu wakapiga makofi marefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Nilirudisha ufunguo. Nilijisikia mwepesi kama mtu aliyetua gunia. Nikaapa moyoni: sitagusa moteri tena. Nitasoma. Nitamsaidia Ernestine kukata nyuzi.

Nje, mzee Nizigama aliningojea. Ana kinu cha kusaga mahindi karibu na kisima, na moteri yake ya dizeli imefunguliwa na kujengwa upya na fundi mmoja wa Mponela. Itawashwa wiki hii. Amesikia kwamba mimi ndiye niliyefanya rodaji ya gari la kanisa, na kwamba nilitumia njia ambayo hata mafundi hawaijui, ya magunia ya viazi. Aliniita injinia.

Nilitazama kushoto na kulia. Lucie alikuwa bado ndani.

Nikamweleza mzee asiwe na wasiwasi. Gari ni jambo gumu kwa sababu lina kilomita. Kinu hakitembei, kwa hiyo hakina kilomita, na kisicho na kilomita hakina kanuni. Alifurahi sana kusikia. Tumepatana kesho saa kumi na mbili asubuhi, na nimemwambia atafute magunia manne ya mahindi, makavu, ya kuanzia kwa nguvu.